Bunduki ya Sheldon

Jedidah aliingia chumbani kwa mwanawe kuchukua nguo chafu. Ilikuwa Jumanne, saa nne unusu asubuhi, na alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu kwenye kitengo cha wagonjwa wa figo, bado amevaa sare ya kazini. Sheldon alikuwa amelala kifudifudi na viatu miguuni, vipokea sauti vikiwa masikioni. Pazia lilikuwa limefungwa. Mwanga pekee ulitoka kwenye kompyuta juu ya meza, na Jedidah akainama aizime.

Hakuizima. Maandishi yalikuwa yakipanda kwenye skrini, moja baada ya jingine. Katikati palikuwa na picha ya kijana ambaye uso wake Jedidah aliwahi kuuona kwenye taarifa ya habari, yule aliyeingia dukani akaua watu waliokuwa wakinunua chakula. Mtu alikuwa amemchorea duara la dhahabu kichwani, kama watakatifu wanavyochorwa. Chini yake kulikuwa na majina ya wauaji wengine, na kando ya kila jina idadi ya waliouawa, imepangwa kutoka kubwa hadi ndogo kama msimamo wa ligi.

Chini zaidi aliona jina ambalo Sheldon alikuwa akilitumia kwenye michezo ya kompyuta tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Mwenye jina hilo alikuwa ameandika: *Ni wiki hii.*

Waliomjibu walikuwa wengi. Wengine waliweka nyuso za kucheka. Mmoja aliandika, *Maneno tu, utaogopa kama wenzako.* Mwingine aliandika, *Tuonyeshe.*

Jedidah alijiambia ni mchezo. Alijiambia hivyo tena, akafungua kabati kuchukua kapu la nguo, na nyuma ya koti la baridi akaona kitu kirefu cheusi kimeegemezwa ukutani.

Hakuwa amewahi kushika bunduki maishani. Alikokulia, Nyamira, bunduki ilikuwa ya askari, na watoto walipomwona askari mwenye bunduki walisogea kando ya njia. Hapa Texas alikuwa amezoea kuziona viunoni mwa watu waliopanga foleni ya kununua maziwa, akajifundisha kutazama kwingine. Sasa ilikuwa hatua moja kutoka kwa miguu yake, ndani ya nyumba aliyoipanga yeye Sugar Land, kando ya Houston, kwa sababu aliambiwa shule za huko ni nzuri.

Aliishika kwa vidole kama mtu anayeshika nyoka. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akailaza ndani ya kapu, akaifunika kwa suruali za jinzi na taulo, lakini mdomo wake ulibaki umechomoza. Kwenye sakafu ya kabati kulikuwa na maboksi ya risasi. Alichukua mawili, akaona hawezi kubeba zaidi.

Alikuwa amefika mlangoni Sheldon alipojigeuza.

"Mama?"

"Nachukua nguo," Jedidah alisema bila kugeuka.

Alimsubiri aseme kitu kingine. Kitanda kililia, kisha pumzi ya Sheldon ikarudi kuwa ya mtu aliyelala.

Alishuka ngazi na kapu kifuani. Jirani mmoja alikuwa akimtembeza mbwa, akamsalimu, na Jedidah akaitikia. Alifungua buti ya gari, akatia kapu lote, akafunga, akaingia na kuondoka kabla hajajua anakwenda wapi.

*

Alisimama kwenye maegesho ya maduka fulani, akampigia simu Clothilde. Clothilde alikuwa Mkongomani wa Uvira, msaidizi wa wagonjwa kwenye kitengo kilekile, na ndiye mtu pekee mjini Houston ambaye Jedidah angeweza kumwambia jambo la aibu. Aliishi Alief na wanawe watatu.

"Mama Sheldon, usilete ile kitu kwangu," Clothilde alisema baada ya kusikia yote. Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi kunong'ona. "Niko na batoto. Unisamehe. Minaogopa."

"Sikuombi hivyo. Nakuuliza nifanye nini."

"Peleka kwa polisi."

Akaenda kituo cha polisi cha mji wa jirani, maana hakutaka kukutana na mtu anayemfahamu. Bunduki aliiacha kwenye buti. Ofisa aliyempokea alikuwa msichana mpole, kalamu mkononi. Alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akaanza kuuliza.

"Amemtaja mtu yeyote anayetaka kumdhuru?"

"Hapana."

"Amekutishia wewe?"

"Hanisemeshi. Hata salamu lazima nimwombe."

"Hayo maandishi, ulipiga picha?"

Jedidah alimtazama. Simu ilikuwa mfukoni mwake muda wote ule chumbani, na hakukumbuka hata kwamba anayo.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Ofisa aliweka kalamu chini. "Kama ameinunua dukani na hana kesi, mama, ni mali yake. Ukituachia tutaipokea, lakini akija na kitambulisho chake aidai, kwa ninavyoijua sheria sina sababu ya kumnyima. Ninachoweza ni kutuma maofisa wawili wakazungumze naye nyumbani."

Jedidah aliwaona wale maofisa wawili kichwani mwake. Aliwaona wakigonga mlango, na Sheldon, mrefu, mweusi, akiamka kutoka usingizini na kufungua mlango na kitu chochote mkononi, simu au rimoti. Alikuwa amekuja kuwaokoa watoto wa watu kutoka kwa mwanawe, na sasa alihofia kumpoteza mwanawe vilevile.

"Acha nifikirie kwanza," alisema.

Ofisa alimwandikia kwenye karatasi nambari ya kupiga mtu anapozidiwa na mawazo. "Na hiyo bunduki iko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani."

Miaka kumi katika nchi hii hakuwa amewahi kumdanganya askari. Alitoka akitembea polepole, akihesabu hatua ili asikimbie.

*

Kaka yake, Elkana, aliishi DeSoto, upande wa kusini wa Dallas. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita na ndiye aliyemleta Amerika. Alipompigia, Elkana alisema neno moja tu: "Njoo." Ni mwendo wa saa nne. Jedidah alishika barabara kuu ya 45 kuelekea kaskazini akiwa hajala wala kulala.

Aliendesha chini ya kasi inayoruhusiwa. Kila alipoona gari la polisi alipunguza mwendo zaidi, ingawa alijua kusafiri na bunduki kwenye gari si kosa huko. Kila gurudumu lilipopiga shimo alisikia kapu likigonga nyuma yake. Hakujua kama bunduki inaweza kulipuka yenyewe. Hakujua lolote.

Alikuwa akimfikiria Sheldon akiwa na miaka tisa, wiki ya kwanza shuleni, aliporudi na kusema hatazungumza tena Kiswahili mbele ya watu kwa sababu walicheka matamshi yake. Akafikiria mwaka ambao baba yake aliondoka kurudi Kenya na kuoa mke mwingine. Kisha ule mwaka wa ugonjwa, shule zilipofungwa, na kijana wa miaka kumi na minne akawekwa mbele ya kompyuta kuanzia asubuhi hadi jioni, nyumbani peke yake, kwa sababu mama yake alikuwa hospitalini akiwafunika watu mashuka usoni. Shule zilipofunguliwa alirudi, lakini alikuwa kama mgeni aliyekaribia kuaga. Alijaribu chuo, akaacha. Akapata kazi ya kupanga bidhaa kwenye duka kubwa, akafukuzwa miezi mitatu iliyopita, na Jedidah hakuwahi kujua kwa nini. Alimuuliza mara moja. Alijibiwa "Sawa tu," naye alikuwa na zamu ya kuwahi.

Alikuwa ameupita mji wa Huntsville kitambo simu ilipoita. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Jina kwenye simu lilikuwa la Sheldon.

Alisogea kando ya barabara, akapokea. Sheldon alizungumza Kiingereza, kama alivyomjibu siku zote.

"Mama, umechukua kitu changu."

"Nimechukua."

"Irudishe."

Alitarajia apige kelele. Sauti ya Sheldon ilikuwa tulivu, kama ya mtu anayeagiza chakula, na utulivu ule ndio uliomtia baridi mgongoni.

"Sheldon, ulitaka kuifanyia nini?"

"Ni yangu. Niliinunua kwa jina langu. Naweza kuwapigia polisi, niwaambie umeniibia."

"Wapigie."

Malori yalipita, gari likatikisika.

"Haina maana, Mama," Sheldon alisema. "Kununua ile ya kwanza hakukunichukua hata nusu saa." Akakata.

Jedidah alibaki ameshika simu. Ndipo alipoelewa alichokifanya. Tangu asubuhi akili yake yote ilikuwa kwenye kile chuma, akikikimbiza mbali kama ndicho ugonjwa wenyewe, na alikuwa amemwacha mwanawe peke yake ndani ya nyumba na ile kompyuta. Akirudi Sugar Land, anamrudishia bunduki mlangoni. Akiendelea Dallas, Sheldon anakwenda kununua nyingine. Alipiga usukani kwa viganja mpaka vikauma.

Alimpigia Elkana, ambaye alisema anaondoka kazini sasa hivi na wakutane Buffalo, katikati ya njia. Kisha akampigia Clothilde. Hakujua amwombeje. Clothilde hakumsubiri aombe.

"Yuko peke yake?" Clothilde aliuliza.

"Peke yake."

"Kitu ingine ya kuua iko mu nyumba?"

"Kuna visu vya jikoni. Na risasi zilizobaki. Clothilde, sijui."

Jedidah alisikia pumzi ndefu upande wa pili, halafu funguo zikilia.

"Minaenda," Clothilde alisema. "Nitakuita nikifika. Utaacha simu wazi, usiseme kitu. Usikilize tu."

*

Buffalo ni mji mdogo wa vituo vya mafuta. Jedidah aliegesha mbali na magari mengine, buti ikitazama ukuta. Saa nane na dakika chache simu iliita, akaipokea, akafanya kama alivyoambiwa.

Alisikia hatua kwenye ngazi za nyumbani kwake. Kisha sauti ya Clothilde, ya furaha ya kujilazimisha, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. "Sheldon! Unaenda wapi, mwanangu?"

"Natoka. Gari limefika kunichukua."

"Basi tunaenda pamoja."

"Hapana, Mama Clothilde. Ni shughuli yangu."

"Na mimi sina shughuli."

Mlango wa gari ulifunguka. Ukafunguka wa pili. Dereva aliuliza kama ni abiria wawili, na Clothilde akamjibu ndiyo kabla ya Sheldon. Gari likaondoka. Kwa dakika kumi Jedidah hakusikia kitu ila redio ya dereva na mara mojamoja Clothilde akikohoa. Alikuwa ameibana simu sikioni mpaka sikio likawaka moto. Mtu aligonga kioo chake kumuuliza kama yuko salama, naye akamwashiria kwa mkono aondoke.

Kisha milango tena, kengele ndogo ya dukani, na sauti ya mwanamume mzee Mzungu ikiwakaribisha. Sheldon alisema anataka kuona bunduki, akataja aina. Mzee alimuuliza umri, akaomba leseni yake ya udereva.

"Bwana," Clothilde alisema. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande vipande, na sasa kilitetemeka. "Usimuuzie. Huyu mtoto mgonjwa. Hapa, kichwani. Mama yake analia."

"Simjui huyu mwanamke," Sheldon alisema.

"Sheldon." Clothilde alikuwa amerudi kwenye Kiswahili. "Unanijua. Ulikula sombe kwangu siku ya Noeli. Ulibeba mutoto wangu kwa mabega."

Jedidah aliziba mdomo kwa kiganja ili asilie kwa sauti. Alisubiri kusikia kelele, kishindo, kitu kikivunjika. Alisikia mashine ya baridi ya duka ikivuma.

"Mwanangu," yule mzee alisema hatimaye, "leo hapana."

"Nina haki ya kununua."

"Unayo. Na mimi nina haki ya kutouza. Chukua leseni yako, nenda nyumbani na huyu mama."

"Kuna duka lingine mbele."

"Lipo," mzee alisema. "Nitawapigia simu. Lakini wa mbele zaidi siwezi kuwapigia wote."

Kengele ya mlango ililia. Kelele za barabara zikarudi, upepo, magari. Kwa muda mrefu hapakuwa na maneno, na Jedidah akaanza kuita jina la Clothilde ingawa aliambiwa asiseme.

"Niko," Clothilde alisema. "Amekaa chini, kando ya barabara. Analia. Minamushika mukono. Kuya, Mama Sheldon. Kuya mbio."

*

Elkana alifika saa tisa na robo kwa pikapu yake, akiwa bado na fulana ya kazini. Alimkumbatia dada yake na kumpigapiga mgongoni.

"Ni mtoto tu," alisema. "Amepotea njia kidogo. Tutamweka sawa."

Alifungua buti, akaondoa taulo. Elkana mwenyewe alikuwa na bunduki mbili, na kanisani kwake alikuwa mmoja wa wanaume wanaokaa karibu na mlango na bastola chini ya koti. Mikono yake ilifanya kazi bila kusita. Alitoa chombo cha risasi, kikiwa kimejaa. Kisha akavuta kitu ubavuni mwa bunduki, na risasi moja ikaruka, ikaanguka kwenye lami na kubingirika chini ya gari.

Mikono ya Elkana ikasimama.

"Nini?" Jedidah aliuliza.

"Ilikuwa tayari. Imebaki kuvuta tu." Alimtazama dada yake. "Umekuja nayo hivi tangu Sugar Land?"

Jedidah aliegemea gari. Elkana aliinama kuitafuta ile risasi, akaipata, akabaki amechuchumaa akiitazama kiganjani.

"Mimi ndiye nilimfundisha," alisema. "Ile Krismasi alipokuwa na miaka kumi na mitano. Nilimpeleka pale tunapofanyia mazoezi ya shabaha. Nilikutumia picha, unakumbuka? Alikuwa akicheka."

Alikumbuka. Aliifurahia picha ile. Ilikuwa ya kwanza baada ya miaka miwili yenye meno ya Sheldon.

"Nilidhani nimempata," Elkana alisema. "Huyu kijana hakuwa anataka mpira, hakuwa anataka kanisa, hakuwa anataka kitu. Siku ile akataka. Nikasema, basi, nimepata kitu chetu, mimi na yeye." Alisimama, akajipangusa macho kwa mkono wenye risasi. "Nenda kwa mtoto. Hii niachie."

*

Jedidah alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Sheldon alikuwa kwenye meza ya jikoni, kikombe cha chai mbele yake, hakijaguswa. Clothilde alikuwa amesimama kati yake na mlango, mkoba begani, kama mtu aliyekuwa hivyo kwa saa tatu. Risasi zilizobaki na visu vya jikoni alikuwa ameviweka ndani ya mashine ya kufulia nguo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine alipopakumbuka.

Jedidah alivuta kiti, akaketi karibu na mwanawe. Alikuwa akimwogopa. Hakuwa amewahi kulikubali neno hilo, lakini njia yote ya kurudi alikuwa nalo. Alikuwa akimwogopa mtoto aliyemzaa, na aliogopa kwamba Sheldon anaiona hofu hiyo usoni mwake.

"Wale wa kwenye kompyuta ni kina nani?" aliuliza.

"Marafiki."

"Unawajua majina?"

Sheldon alitikisa kichwa. "Wananiuliza nimeshindaje," alisema. "Kila siku. Wewe unarudi, unalala, unaondoka."

Jedidah alikuwa na majibu ya maneno hayo. Alikuwa nayo tangu zamani, yamepangwa vizuri: kodi, karo, bima, baba yake. Aliyameza.

"Ungeenda wapi, Sheldon? Wiki hii, ungeenda wapi?"

Clothilde alishika ukingo wa sinki.

"Kule kazini," Sheldon alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ile tulivu ikapasuka. "Walinirekodi, Mama. Nilikuwa stoo nazungumza peke yangu, nafanya mazoezi ya kumwomba bosi zamu ya mchana. Wakanirekodi, wakaisambaza kwenye simu za wote. Hata wateja walikuwa nayo. Bosi akasema nimeleta fujo nilipomsukuma yule aliyerekodi." Alipumua. "Jumatano iliyopita nilikwenda. Ulikuwa umelala, nikachukua gari. Nilikaa kwenye maegesho dakika arobaini. Ilikuwa kwenye kiti cha nyuma."

Jedidah alitaka kuziba masikio. Aliiacha mikono yake mezani.

"Halafu?"

"Halafu mvua ikanyesha. Watu wakaanza kukimbilia magari yao. Kila mtu akawa anakimbia, na nilikuwa sijafanya kitu bado. Nikarudi nyumbani."

"Ni mvua tu?"

"Sijui. Usiniulize hivyo." Alikuwa akilia sasa, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo. "Nilipofika niliwaambia kule mtandaoni, wakanicheka. Nikawaambia wiki ijayo."

Jedidah aliwafikiria watu wa siku ile ya mvua, akina mama wenye mifuko, wasiojua hadi leo. Akafikiria ingekuwaje kama mbingu ingekuwa kavu. Kisha akaunyoosha mkono wake, akauweka juu ya kichwa cha Sheldon, wala hakuuondoa.

"Twende hospitali," Clothilde alisema kutoka kwenye sinki. "Sasa. Mbele ya mutu kubadilisha akili."

Sheldon alisimama. Hakuna aliyemshika. Alitembea katikati yao mpaka kwenye gari, akaketi kiti cha nyuma, na Clothilde akaketi naye.

*

Walimlaza siku nane. Daktari alimwambia Jedidah kwamba kijana amekubali dawa na mazungumzo, na kwa kuwa aliingia kwa hiari yake hawakuwa na msingi wa kumzuia zaidi. Polisi walikuja wakaandika maelezo, wakachukua kompyuta, wakairudisha baada ya wiki mbili bila kumfungulia kesi. Yule aliyeandika *Tuonyeshe* hakupatikana. Wale waliomrekodi kazini hawakushtakiwa kwa lolote, maana kumcheka mtu si jinai.

Jedidah aliacha zamu za usiku. Alichukua bisibisi akaung'oa mlango wa chumba cha Sheldon, na Sheldon mwenyewe akaushikilia bawaba zilipokuwa zikitoka. Walikula pamoja jioni, mara nyingi bila neno. Sheldon alipochelewa kujibu simu kwa dakika tano, Jedidah alisimama popote alipokuwa, hata kama mgonjwa alikuwa mkononi mwake, na kupiga tena. Kila alipopita mbele ya lile duka la bunduki, na mengine mawili aliyogundua yapo njiani, aliangalia maegesho.

Mwezi wa pili baada ya hapo waliendesha hadi DeSoto. Elkana alikuwa ameifungia bunduki kwenye sefu, na alikuwa amewaambia wazee wa kanisa watafute mtu mwingine wa kukaa mlangoni. Hakueleza sana. Alisema tu kwamba siku hizi kila kijana anayeingia amevaa koti anamwona Sheldon, na mtu anayeona hivyo hafai kuwa na bastola.

Polisi wa huko walikubali kuipokea ili iharibiwe, lakini mwenyewe lazima aje na atie sahihi. Elkana aliibeba, imefunguliwa vipande viwili. Ofisa alitandaza fomu mbele ya Sheldon, akamwonyesha mahali.

"Una hakika?" alimuuliza. "Ukishatia sahihi hairudi."

Sheldon alishika kalamu. Alitazama vile vipande viwili kwenye meza kwa muda mrefu mno, na Jedidah, aliyesimama nyuma yake, aliona misuli ya shingo yake ikikaza. Elkana alisogea nusu hatua.

Kisha Sheldon akaandika jina lake lote, polepole, kama mtoto anayejifunza.

Nje palikuwa na joto kali. Elkana alikwenda kuleta pikapu, na mama na mwana wakabaki kivulini mwa jengo. Jedidah alitaka kumwambia kwamba anajivunia, na kwamba yameisha. Sheldon alimtangulia. Alizungumza Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno.

"Mama, usiniamini sana bado."

"Sikuelewi."

"Bado wananijia, wale wa mtandaoni. Kichwani. Si kila siku." Alitazama viatu vyake. "Wiki hii usiniache peke yangu."

Jedidah alihisi ile baridi ya mgongoni ikirudi, ileile ya kando ya barabara kuu. Alijua haitaondoka mwaka huu, na labda si mwaka ujao. Alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara, mtu wa miaka kumi na tisa anayempita kwa kichwa kizima, naye hakuutoa.

"Kesho nipo zamu ya asubuhi," alisema. "Utakuja nami. Utakaa pale mapokezi. Clothilde pia yupo."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Sawa," Sheldon alisema, na wakamsubiri Elkana.